Nani Humlipa Mwamuzi, na Nani Humtibu Aliyeumia?

Kila Dominika alasiri, katika miji yetu na hata katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu, vijana hukusanyika kucheza mpira wa miguu. Wazee huleta viti vyao, akina mama huuza karanga na maji, watoto hujipanga kando ya mistari. Ni furaha njema, wala hatuna neno la kuilaumu. Lakini yako mambo mawili ambayo viongozi wa timu hupenda kuyaahirisha mpaka siku ya ugomvi: ujira wa mwamuzi, na gharama za mchezaji aliyeumia. Leo twataka kuyatazama kwa utulivu, kabla filimbi haijalia.

Mchezo uliokulia shuleni

Mpira wa miguu katika nchi yetu ulikulia kwa sehemu kubwa katika viwanja vya shule na misheni. Padri Raphaël de la Kethulle, aliyefika Kongo mwaka 1917, na ambaye watu wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël, aliwajengea vijana viwanja na kuwaanzishia vyama vya michezo. Kiwanja kimoja kikubwa cha mji ule kina jina lake hata leo. Huko Lubumbashi, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, mapadri Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 timu ya vijana ambayo leo yajulikana kwa jina la Mazembe. Timu hiyo imekuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mara 5: mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mti mkubwa hutokana na mbegu ndogo.

Katika mechi za shule, anayeshika filimbi mara nyingi ni mwalimu. Hadai ujira, maana kazi hiyo ni sehemu ya kazi yake. Na mtoto akiumia, shule ndiyo inayompeleka kwa mganga. Katika ligi za mtaani hali si hiyo. Hapo mwamuzi ni mtu aliyetoka nyumbani kwake kwa miguu yake, na mchezaji ni baba wa watoto au kijana anayejitafutia riziki. Ikiwa hakuna aliyepanga jambo, hakuna anayewajibika.

Mtu wa katikati

Hapo kale huko Uingereza, kila timu ilikuja na mwamuzi wake. Hao wawili wasipopatana, walimwuliza mtu wa tatu aliyesimama nje ya mstari. Mabishano yakawa mengi. Mwaka 1891 mtu huyo wa tatu aliingizwa katikati ya uwanja akapewa mamlaka yote, na wale wawili wakawa washika bendera kandokando. Waliotunga kanuni walikuwa wamejifunza kwamba mwamuzi aliye mali ya upande mmoja si mwamuzi.

Basi, tujiulize: mtu huyu wa katikati hulishwa na nani? Tumeona mitaani desturi tatu, na zote tatu ni mbaya. Ya kwanza ni kwamba timu mwenyeji humlipa peke yake. Hapo hata akiwa mnyofu kama kamba ya mwashi, wageni watasema amenunuliwa. Ya pili ni kumlipa baada ya mechi. Hapo aliyeshindwa hukunja uso na kufunga mfuko, na mwamuzi hurudi nyumbani gizani, mikono mitupu, akifuatwa na matusi. Ya tatu ni kutomlipa kabisa, kwa kusema kwamba anapenda mchezo. Ni kweli anaupenda. Lakini mwenye njaa ambaye hakupewa haki yake mchana huweza kushawishika na anayemwita pembeni usiku.

Ujira wa mwamuzi si bei ya hukumu yake. Ni fidia ya nauli yake, ya viatu vyake vinavyochakaa, ya saa na filimbi alivyonunua mwenyewe, na ya alasiri ambayo angeitumia katika kazi nyingine. Anakimbia dakika 90 bila kubadilishwa, wala hakuna anayempigia makofi.

Hesabu isiyotisha

Viongozi wengi husema: “Fedha hatuna.” Tufanye hesabu pamoja. Tuseme ligi ya mtaa ina timu 10, na kila timu yakutana na nyingine mara moja. Mechi zote ni 45, na kila timu yacheza mara 9. Tuseme tena kwamba mwamuzi wa kati hupewa mafungu 2, na kila msaidizi wake fungu 1. Kila mechi yahitaji mafungu 4, yaani mafungu 2 kwa kila timu. Katika mechi 9, timu moja itatoa mafungu 18. Nayo timu yenye wachezaji 18 itaona kwamba kila mchezaji anadaiwa fungu 1 tu kwa ligi nzima!

Tukitia faranga 5,000 kwa fungu, kwa mfano tu, kila timu italeta 90,000, na timu zote pamoja 900,000. Zikikusanywa kabla ya mechi ya kwanza na kuwekwa mikononi mwa mtunza fedha asiye wa timu yoyote, mwamuzi atapokea ujira wake kabla ya kuingia uwanjani, naye hatajua umetoka mfukoni mwa nani. Atie sahihi daftarini, maana wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Timu inayoweza kununua jezi mpya na ng'ombe wa sherehe ya kombe haiwezi kusema kwamba fungu hilo laishinda.

Mguu uliovunjika

Sasa tulitazame jambo la pili, lililo zito zaidi. Mchezaji ameangushwa, mfupa wa chini ya goti umevunjika. Watazamaji humbeba juu juu, humpakia pikipiki, humpeleka hospitali. Siku ya kwanza marafiki ni wengi. Wiki ya pili hubaki mke wake na mama yake. Mfupa huo huchukua miezi kadhaa kuunga vizuri. Kama kijana huyu ni mwashi au mwendesha pikipiki, nyumba yake imekosa chakula kwa miezi hiyo yote. Tena twajua kwamba katika hospitali nyingi za nchi yetu mgonjwa aliyepona huzuiliwa mpaka deni lilipwe. Timu yake, wakati huo, imekwisha kumpata mwingine wa kuvaa jezi yake.

Je, sheria yasema nini? Kitabu cha sheria ya mapatano na madeni, kilichotungwa kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kingali kinatumika katika Kongo. Ibara ya 258 yasema kwamba mtu aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake hana budi kuilipa. Ibara ya 259 yaongeza kwamba uzembe na kutojihadhari ni kosa pia. Na ibara ya 260, ambayo sisi walimu tunapaswa kuifahamu vema, yasema kwamba mwalimu hujibu kwa hasara iliyoletwa na wanafunzi wake wanapokuwa chini ya ulinzi wake, isipokuwa athibitishe kwamba hakuweza kuizuia.

Kwa hiyo tupambanue mambo matatu. Ikiwa wawili wamegongana kwa bahati mbaya wakiugombea mpira kwa halali, hakuna mwenye kosa. Kila achezaye amekubali hatari ya kawaida ya mchezo. Ikiwa mmoja amemrukia mwenzake kwa ukali bila kumjali, jambo laweza kufika mahakamani. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua shauri la mechi ya ligi ndogo, na mchezaji aliyemvunja mwenzake mguu kwa namna hiyo akaamriwa kumlipa. Hukumu ile haiwafungi mahakimu wetu, lakini fikira yake yakaribiana na ibara yetu ya 258. Na tatu, ikiwa goli halikufungwa imara likamwangukia mtoto, au uwanja una shimo ambalo wote walilijua, wenye kuandaa mashindano ndio wa kuulizwa kwanza.

Na mwamuzi je? Kanuni ya 5 ya mchezo yasema kwamba mwamuzi hadaiwi kwa majeraha yanayotokea uwanjani. Ni ngao njema, lakini ni kanuni ya mchezo. Haiwezi kumfunga mdomo hakimu wa serikali. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ileile ilimhukumu mwamuzi wa mchezo wa raga, kwa sababu hakuzisimamia kanuni za usalama katika mechi ya mwaka 1991, ambamo kijana wa miaka 17 aliumia shingo na kupooza. Kwa hiyo mwamuzi atimize yaliyo yake: aone kwamba kila mchezaji amevaa vikinga ugoko, kwamba hakuna pete wala mkufu, kwamba magoli yamekazwa ardhini. Mtu akiumia sana, asimamishe mchezo mara moja. Naye aliyepigwa kichwani akatapika, akasahau au akayumba, asirudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa kwamba yu mzima.

Wako wanaowatilisha wachezaji sahihi kwenye karatasi isemayo: “Nikiumia ni shauri langu.” Karatasi hiyo haikazi goli lililolegea, wala haiungi mfupa.

Mapatano kabla ya filimbi

Twawashauri viongozi wa ligi waandike mapatano mafupi kabla ya mechi ya kwanza, nayo yasomwe mbele ya wachezaji wote. Kwanza, ujira wa waamuzi utoke katika mfuko mmoja uliochangwa sawa na timu zote. Pili, uwepo mfuko wa majeruhi, uliotengwa na ule wa kwanza, na isemwe wazi utalipa nini: gari la kwenda hospitali, picha ya mifupa, plasta, na posho ndogo kwa nyumba ya aliyeumia. Tatu, ijulikane ni nani mwenye ufunguo, na ni watu wangapi wanaotia sahihi kabla fedha hazijatoka. Nne, pasiwe na mechi bila sanduku la dawa na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Huyo awakataze watu kumwinua ovyo aliyeumia shingo au mgongo.

Ligi iliyo kubwa yaweza kufanya zaidi. Tangu sheria ya mwaka 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, makampuni mengine ya bima yameingia nchini. Si vibaya kuyauliza bei ya bima ya ajali kwa wachezaji wote pamoja. Na mwenye familia aliyejiunga na chama cha kusaidiana katika matibabu aulize mapema kama ajali za michezo zimo katika mapatano yake.

Enyi vijana, mtakapoombwa mchango wa timu, ulizeni sehemu ipi ni ya mwenye filimbi na ipi ni ya mwenye kuumia. Nanyi wazazi, mtoto anapokuja kuomba fedha za viatu vya mpira, mpeni pia kwa ajili ya vikinga ugoko. Kombe hukaa kabatini likakusanya vumbi. Mguu wa kijana ndio unaompeleka kazini kila asubuhi, na watoto wake hula kwa mguu huo.