UZI: Mwanamke, pombe na kazi. Swali ambalo wagombea hawaulizwi

Najua niliahidi uzi wa ushuru wa kaunti, lakini utangoja kidogo. Jumamosi nilikuwa kwenye mkutano wa hadhara (msiulize wa nani, hapa hatutaji majina wala vyama) na mzungumzaji wa tatu akafika pale ambapo wote hufika. "Pombe imemaliza vijana wetu!" Makofi. "Akina mama wanalia!" Makofi tena, na vuvuzela moja huko nyuma.

Kando yangu kulikuwa na mama mmoja amevaa sare ya kazi, naye akapiga makofi pia. Mimi nikabaki nikijiuliza: na mama anayekunywa, je? Huyu anasemewa na nani?

Ukisikiliza siasa zetu kuhusu pombe, mwanamke huwa na nafasi tatu tu. Ni mke anayelia kwa sababu mume halali nyumbani. Ni mama pima anayepika chang'aa ili alipe karo. Au ni mama wa kijana aliyekufa kwa pombe yenye sumu, kama tulivyoona Kirinyaga mwezi wa Februari 2024. Wote watatu ni wa kweli, siwakatai. Lakini kuna wa nne. Ana kazi, ana kadi ya ofisi shingoni, anakatwa 2.75% ya mshahara kila mwezi kwa bima ya afya ya jamii, na ana uraibu. Huyo hayuko kwenye hotuba ya mtu yeyote.

Tuanze na hesabu. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulikadiria kwamba Wakenya kama milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanakunywa pombe. Kwa wanaume ni 1 kati ya 5, kwa wanawake ni 1 kati ya 20. Mwanasiasa akiona hiyo anasema, basi, hii ni shida ya wanaume, twende mbele. Lakini huyo mmoja kati ya ishirini, ukimhesabu nchi nzima, ni wanawake zaidi ya 650,000. Hao ni wengi kuliko kura ambazo watu hupigania mahakamani. Na hao ni wale waliokubali mbele ya mgeni mwenye karatasi kwamba wanakunywa. Mnajua wenyewe mwanamke wa hapa kwetu atamjibu nini mgeni kama mama mkwe yuko sebuleni.

Halafu kuna mwili. Mwanamke na mwanamume wa uzani uleule wakinywa kiasi kilekile, damu ya mwanamke hubaki na pombe nyingi zaidi, kwa sababu mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kuizimua na tumbo lake huivunja kidogo kabla haijaingia kwenye damu. Ndiyo maana ini na moyo wake huumia kwa miaka michache zaidi ya kunywa. Pia pombe huongeza hatari ya saratani ya matiti. Kwa hivyo ile hoja ya "wanawake hawanywi sana" haitufikishi popote. Hahitaji kunywa sana.

Sasa lugha, maana siasa huanzia hapo. Mwanamume akinywa kila siku tunasema "anapenda kinywaji". Mwanamke akinywa kila siku ni "mlevi", na mara nyingi neno linalofuata siwezi kuliandika hapa. Na kile kituo anachopaswa kupelekwa tunakiita "kituo cha kurekebisha tabia". Tabia! Hakuna anayeenda kurekebishwa tabia ya kisukari. Jina lenyewe limeshatoa hukumu kabla mgonjwa hajafika langoni. (Nina mwalimu mmoja ambaye hukasirika nikisema hivi, anasema tafsiri ni tafsiri tu. Sikubaliani naye.)

Nitawaambia kwa nini jambo hili linanikereketa. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni moja hapa Nairobi. Ameniruhusu niandike, mradi nisitaje kampuni wala jina lake. Kwa miaka miwili alikuwa anabeba chai ya maziwa kwenye thamosi, na haikuwa chai ya maziwa. Alikuwa anafika kazini wa kwanza. Hakuwahi kukosea hesabu, na hiyo ndiyo ilimficha. Halafu 2019 akakosea, mara mbili kwa mwezi mmoja, na mtu akanusa.

Akaitwa ofisini Ijumaa saa kumi. Walikuwa watu wawili na yeye, hakuna mwingine. Akaambiwa kwa upole sana: andika barua ya kujiuzulu tukupe cheti kizuri, au tukufute na sababu iandikwe. "Fikiria watoto." Akaandika. Akashukuru hata. Anasema alishukuru mara tatu kabla ya kufika kwenye lifti.

Sasa shikeni hapo, kwa sababu hapa ndipo sheria inaingia, na ni sheria ambayo karibu kila mtu kwenye mijadala hunukuu nusu.

Nusu inayonukuliwa ni kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kinasema mfanyakazi akilewa wakati wa kazi hadi ashindwe au akatae kufanya kazi yake vizuri, hilo linaweza kuwa kosa kubwa la kufutwa kazi papo hapo. Wagombea wa "nidhamu" hupenda sana hapo. Lakini angalieni maneno: linaweza. Hakisemi lazima. Na hakisemi kunusa pombe tu kunatosha, kinataka kazi iwe imeshindikana.

Nusu isiyonukuliwa ni kifungu cha 41. Kabla ya kukufuta, hata kwa kosa hilo la 44, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ndani ya chumba. Shangazi alikuwa peke yake. Na kwa sababu alijiuzulu mwenyewe, kwenye karatasi hakufutwa, kwa hivyo hakuna aliyelazimika kumsikiliza. Mtu akilazimishwa kujiuzulu anaweza kwenda mahakama ya ajira na kusema hiyo haikuwa hiari, lakini ana miaka mitatu ya kufanya hivyo. Mimi nilisoma hicho kifungu chuoni 2023. Nilipiga hesabu kwenye matatu nikirudi nyumbani, nikanyamaza.

Kuna jambo jingine hata mawakili wachache wa runinga hugusia. Sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho 2022, na sasa mtu aliyepimwa akapatikana na uraibu wa pombe au dawa za kulevya anahesabiwa miongoni mwa watu wenye ugonjwa wa akili. Najua hilo neno linaogopesha, lakini kisheria ni mlango. Kwa sababu Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa hali yake ya akili. Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja una hoja. Bado ni hoja tu, sikuahidi ushindi. Lakini ni hoja ambayo Shangazi hakuwa nayo.

Na kuna shimo. Sheria ya Ajira haina kifungu kinachomlazimisha mwajiri kukupeleka matibabu kwanza kabla ya kukufuta. Kinachokaribia ni likizo ya ugonjwa: siku 7 kwa mshahara wote, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Jumla 14. Programu za vituo vya uraibu mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Ongeza likizo yako ya mwaka ya siku 21, ujumlishe, bado hufiki miezi miwili. Likizo pekee ya miezi mitatu yenye mshahara iliyomo kwenye sheria hiyo ni ya kujifungua. Shangazi akacheka nilipomwambia. Akasema, "Kwa hivyo ningezaa ndiyo nipone."

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo kuhusu pombe na dawa za kulevya kazini tangu 1996, ukisema matatizo haya yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, bila ubaguzi. Ni mwongozo tu, si sheria, na tumekuwa nao karibu miaka thelathini.

Turudi kwa Shangazi. Baada ya kujiuzulu aliamua kuacha peke yake, nyumbani, kwa aibu. Siku ya pili alianguka jikoni akitetemeka mwili mzima kama mwenye kifafa. Jirani ndiye alimpeleka hospitali. Hii naomba muisome polepole: mtu ambaye mwili wake umezoea pombe nyingi kila siku akiacha ghafla bila daktari anaweza kufa. Wale wa kusema jukwaani "waache tu, ni kujikaza" wanatoa ushauri wa hatari. Kuna dawa za kumvusha mtu siku zile za kwanza, na hospitali kama Mathari hufanya kazi hiyo.

Kisha akatafuta kituo. Cha kwanza kilikuwa cha wanaume watupu. Cha pili kilikuwa na vitanda vya wanawake lakini hakuna mahali pa mtoto, na wake wa mwisho alikuwa na miaka minne. Nyanya ndiye aliyemchukua. Kama Nyanya angekuwa mgonjwa mwaka ule, sijui.

Basi siasa. Nani anawajibika? Hapa nawaomba muache kurushiana lawama za "serikali" bila kusema ipi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe, na pia hospitali za kaunti na zahanati. Kwa hivyo ofisi ileile inayopokea ada ya leseni ya baa ndiyo inayosimamia hospitali ambako mraibu angetibiwa. Serikali ya kitaifa nayo inachukua ushuru kwenye kila chupa halali. Ngazi zote mbili zinapata kitu mtu akinywa. Mkutano ujao, gavana mtarajiwa akisema atafunga baa, muulizeni vitanda vingapi vya wanawake vipo kwenye kaunti, na pesa za leseni zinaenda kwenye akaunti gani. Kufunga baa ni rahisi, kunapigwa picha. Tumefanya misako ya pombe 2015, tukafanya tena 2024, na kila mara tunavunja mitungi. Mwenye thamosi ofisini hakuguswa na msako wowote.

Kwa waajiri, kwa sababu najua wengine mnanifuata: mtu akirudi kazini baada ya matibabu, hahitaji mkutano wa wafanyakazi wote wa kumpigia makofi. Shangazi alipata kazi nyingine 2021, ofisi ndogo, na mkubwa wake alimfanyia mambo matatu tu. Alimruhusu kutoka saa sita na nusu Jumanne na Alhamisi kwenda kwenye kikundi chake. Alihamisha sherehe ya mwisho wa mwezi kutoka baa hadi mkahawa, bila kutangaza kwa nini. Na alimwambia, "Ukiteleza niambie mimi kabla hujaniandikia barua." Aliteleza, baada ya miezi minane. Akamwambia. Akachukua siku kumi za ugonjwa, akarudi dawati lake. Kuteleza hutokea sana kwenye uraibu, kama vile sukari hupanda kwa mgonjwa wa kisukari, na hapo ndipo ofisi nyingi humfuta mtu ambaye tayari wamegharamika kumsaidia. Hata kwa hesabu ya biashara haileti maana.

Mtaniuliza kama ninatetea ulevi kazini. Hapana. Dereva wa basi la wanafunzi akiwa amelewa ashushwe leo, na muuguzi pia. Kumtoa mtu kwenye usukani ni jambo moja, kumtoa kwenye kazi milele bila kumsikiliza ni jingine. Na kibarua wa shamba la maua Naivasha anayelipwa kwa siku hana hata hiyo barua ya kujiuzulu ya kuandika. Anaambiwa tu kesho usikuje. Kwake kifungu cha 41 kiko mbali sana, na huo ni uzi wake peke yake.

Kwa anayehitaji: namba ya NACADA ni 1192, haina malipo. Ukiitwa ofisini kwa jambo hili, usisaini kitu siku hiyo. Omba mwenzako aingie nawe.

Nilimsomea Shangazi uzi huu jana usiku kwa simu kabla ya kuuweka. Alinirekebisha mahali pawili. Kwanza, haikuwa thamosi ya bluu kama nilivyoandika mwanzoni, ilikuwa nyekundu, na bado anayo, anawekea uji. Pili, alitaka niongeze kwamba yule mtu wa hesabu aliyemnusa alikuwa rafiki yake, na kwamba hajamlaumu.

Uzi wa ushuru wa kaunti ni Alhamisi. Hii sasa ni ahadi.