Nta Haikaushi Mti

Kipande changu cha kwanza cha mpingo kilipasuka usiku. Nilisikia mlio mmoja mkavu, nikadhani panya kaangusha kijiko jikoni. Asubuhi nikakuta ufa umetoka kichwani hadi katikati, mpana wa kuingiza ukucha. Kosa lilikuwa langu. Siku mbili kabla, kwa hamu ya kuuona weusi wa mti, nilikwangua nta yote pande zote, nikakianika dirishani juani.

Aliyewahi kununua mpingo uliokatwa kwa ajili ya kukereza anaijua nta hiyo: tabaka la ukungu ukungu, linateleza mkononi kama sabuni, linaficha nyuzi na rangi. Kiwandani, gogo likishapasuliwa vipande, vichwa vya kila kipande au kipande kizima huchovywa kwenye nta ya moto. Mti mbichi una maji, na maji hayo hukimbilia vichwani, pale mirija ilipokatwa, kwa kasi ya mara 10 hadi 15 kuliko ubavuni. Vichwa hukauka na kusinyaa huku tumbo likiwa bado limeshiba maji. Katika mvutano huo, nyuzi ndizo zinazoachia.

Nta hupunguza kasi hiyo, basi. Haikaushi kitu. Tunakiona kipande kimekaa dukani mwaka mzima tukasema kimekauka, kumbe kilichozibwa pande zote kinaweza kukaa na maji yake miaka.

Nilipompelekea fundi mmoja mzee kipande changu, alikigeuza geuza, akacheka.

“Umeuvua nguo zote kwa siku moja, mwanangu. Ungeanza na shati.”

“Shati ndilo lipi, mzee?”

“Ubavu. Vichwa viache mpaka mwisho kabisa.”

Tangu hapo nafanya hivyo. Nakwangua nta ya ubavu mmoja na ule unaouelekea, kwa mgongo wa kisu au kipande cha bati kilichonyooka. Moto situmii, maana nta ikiyeyuka huzidi kuzama kwenye mti. Kisha nakipima kwa mizani ya jikoni, naandika uzito na tarehe kwa chaki kwenye ubavu wenyewe, na kukilaza kivulini juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini. Wiki mbili baadaye nakwangua pande mbili zilizobaki. Baada ya hapo kazi ni kupima. Mwanzoni gramu hushuka kila wiki, halafu polepole, halafu zinagoma. Zikigoma mwezi mzima, mti umepatana na hewa ya nyumba yako. Nasema nyumba yako kwa sababu kilichotulia Dar es Salaam kikipelekwa Dodoma, kwenye hewa kavu, kitaanza tena kupungua.

Anayekereza bakuli la mwembe au mninga ana njia ya mkato. Hulichonga likiwa bichi, akaliacha nene, sehemu moja ya kumi ya upana wake: bakuli la sentimita 25 linabaki na ukuta wa sentimita 2.5. Hulipaka nta upya na kuliweka kando miezi kadhaa. Litapinda liwe na umbo la yai, na hilo lilitarajiwa. Unene ule uliachwa ili apate pa kulisawazisha.

Siku ya kukereza mpingo wako uliotulia, kata vichwa sentimita moja au mbili uvitupe pamoja na nta yake. Mara nyingi huko ndiko nyufa ndogo zinakojificha. Nta ikibaki, gundi haishiki, vanishi inakataa, na msasa unazibika. Ziba pua na mdomo pia, kwani vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

Uvumilivu huu si wa kupoteza muda. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kilwa, vijiji vinavyolinda misitu yao chini ya mradi wa mpingo vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, FSC, mwaka 2009, kwa kazi ya kuhesabu na kuchagua mti mmoja mmoja. Gogo likishapasuliwa, vipande vizuri husafiri na nta yao hadi kwa watengeneza klarineti na obo Ulaya. Wao huviweka tena ghalani, wengine miaka kadhaa, kabla ya kutoboa tundu. Kusubiri huko nako kuna thamani, na thamani hiyo tunawaachia wao. Nasi tungeweza kusubiri: rafu, kivuli, mizani na daftari havihitaji mkopo wa benki.

Kipande changu cha pili kilikuwa na gramu 986 siku nilipokinunua. Jumapili iliyopita, mwezi wa nne tangu siku hiyo, kilikuwa na gramu 941. Bado kinashuka, na patasi bado iko ukutani.