Ubelgiji kwa basi: jina lipi la mji?

Mkongo anayekwenda Ubelgiji kwa masomo au utafiti anafika na Kifaransa chake, akidhani kitamfikisha popote. Nchi yenyewe ni ndogo: eneo lake halifiki kilomita za mraba 31,000, na linaingia ndani ya Kongo yetu zaidi ya mara 70. Hata hivyo, mtu anayesafiri humo kwa basi anaweza kupotea kwa sababu moja ambayo sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa: majina ya miji.

Tuanze na mpangilio wa mabasi. Ubelgiji ina lugha rasmi 3: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Ina pia majimbo 3: Flandria upande wa kaskazini, Walonia upande wa kusini, na Brussels. Sheria za 1962 na 1963 ziliweka mpaka wa lugha kati ya kaskazini na kusini. Baadaye usafiri wa basi ulikabidhiwa kwa majimbo. Tangu 1991, De Lijn inaendesha mabasi ya Flandria na TEC yale ya Walonia, pamoja na eneo dogo la Kijerumani karibu na Eupen. Brussels ina kampuni yake, STIB kwa Kifaransa, MIVB kwa Kiholanzi. Treni peke yake ndiyo imebaki ya nchi nzima. Kwa hiyo tiketi ya kawaida ya De Lijn haikusaidii ndani ya basi la TEC. Katika jiji la Brussels kuna tiketi iitwayo Brupass, inayokubaliwa na kampuni zote hizo pamoja na treni.

Kila kampuni inaandika kwa lugha ya jimbo lake. Lubumbashi, kijana wa mlangoni anaita kwa sauti gari linakokwenda. Kule basi liko kimya, na kibao cha mbele ndicho kinachosema. Mji ambao Mfaransa anauita Mons, kaskazini unaandikwa Bergen. Liège ni Luik, na kwa Kijerumani ni Lüttich. Namur ni Namen, Tournai ni Doornik, Courtrai ni Kortrijk. Sisi pia tunajua mji kuwa na majina 2, kama Élisabethville na Lubumbashi, lakini kwetu moja limeondoka na lingine limechukua nafasi yake. Kwao majina yote yanaishi kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa mpaka.

Majina hayo hayakutokea ovyo. Mengine ni tafsiri: Mons linatokana na neno la Kilatini la mlima, na Bergen kwa Kiholanzi ni milima. Mengine ni jina moja la kale lililobadilika sauti katika vinywa viwili, kama Tournai na Doornik. Mfano mzuri zaidi uko ng'ambo tu ya mpaka, Ufaransa: Lille, ambao Waflandria wanauita Rijsel. Yote mawili yana maana ya kisiwa, na katika yote mawili kiambishi cha mbele kimegandamana na nomino mpaka watu hawakioni tena.

Hatari kubwa kwa mwanafunzi wetu ni Louvain. Chuo kikuu cha mji huo kilianzishwa 1425, na Lovanium ya Kinshasa, iliyofunguliwa 1954, ilichukua jina lake la Kilatini. Mgogoro wa lugha wa 1968 ulikigawa chuo hicho. Waliofundisha kwa Kiholanzi walibaki Leuven; wale wa Kifaransa walijengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve, katika miaka ya 1970. Kati ya miji hii kuna zaidi ya kilomita 20, na kila mmoja una kampuni yake ya basi. Profesa akikuambia «njoo Louvain», muulize ni ipi. Asiyeuliza anaweza kukosa miadi aliyoisafiria kutoka Kongo.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, andika jina la mji katika lugha zote. Brussels ni rahisi zaidi, kwa kuwa vituo vinaandikwa kwa lugha mbili: anayekwenda Matonge ashuke Porte de Namur, au Naamsepoort, ni kituo kimoja. Jifunze maneno machache ya Kiholanzi: halte ni kituo, dienstregeling ni ratiba, schooldagen ni siku za shule. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu vijijini mabasi mengi hupita siku za shule tu, na Jumapili huwa machache. Basi likikaribia, nyosha mkono, la sivyo dereva anaweza kupita. Usitegemee kununua tiketi kwake. Mabasi ya Brussels hayauzi kwa dereva, bali unagusisha kadi ya benki kwenye mashine.

Kifaransa kitakusaidia kuuliza njia, na wengi kaskazini watakujibu. Kibao cha basi hakijibu. Ni lazima ukisome katika lugha yake.