Baiskeli Tumetoa, Je, Njia Tumeionyesha?

Wengi wenu mnafahamu kuwa baiskeli ni moja ya misaada inayoombwa sana na parokia zetu. Mhudumu wa wagonjwa majumbani anaihitaji ili azifikie kaya zilizo mbali, katekista anaihitaji ili afike kigangoni, na mwanafunzi wa sekondari ya kata anaihitaji ili asichelewe darasani. Kwa msaada wa wafadhili tumegawa baiskeli katika vigango vingi, na kila aliyepokea alitia sahihi kwenye fomu yetu.

Fomu hiyo ilikuwa na nafasi ya jina, kigango na namba ya fremu. Haikuwa na swali hili: utapita njia gani? Upungufu huo tuliutambua pale mama mmoja, mhudumu wetu wa kujitolea, alipokuwa akirudi jioni kutoka kwa mgonjwa. Lori lililokuwa likilipita basi lilimlazimisha kutoka nje ya lami, akaangukia mtaroni na kuvunjika mguu. Tulipokwenda kumjulia hali, vijana wa jirani walitueleza kuwa nyuma ya mashamba ya pamba kuna njia ya zamani iendayo kijiji kile kile. Haina magari, na inamchelewesha mpanda baiskeli kwa dakika chache tu. Mama huyu alihamia hapo baada ya kuolewa, kwa hiyo hakuijua. Sisi nasi hatukuuliza.

Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi kamati ya parokia inavyoweza kuzitafuta njia za namna hiyo, kuziweka kwenye ramani ya intaneti, na kuwashirikisha wengine.

Kwa nini njia ni muhimu sawa na baiskeli?

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Shirika hilo linaeleza pia kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia 4.

Katika nchi yetu magari yanatakiwa yasizidi kilomita 50 kwa saa yanapopita kwenye makazi ya watu. Nje ya makazi yanakwenda kasi zaidi, na sehemu nyingi mabega ya barabara ni membamba au yameliwa na mvua. Hapo ndipo mhudumu wetu anapopita akiwa na mzigo kwenye karia. Taa, kengele na kofia ngumu vinasaidia, na tutaendelea kuvitoa. Lakini kinga iliyo bora ni kutokuwa kwenye barabara moja na lori lile.

Ramani ya intaneti inaijuaje njia?

Mwaka 2004 ilianzishwa Uingereza ramani iitwayo OpenStreetMap. Ramani hii huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuisahihisha bila malipo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliitumia kuchora mitaa yao ambayo kwenye ramani za wakati huo ilikuwa kama pori tupu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi walichora mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika. Mwaka huo huo mradi wa Crowd2Map ulianza kuchora vijiji vya Tanzania, na ramani zake zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji mkoani Mara.

Programu inayotafuta njia haina macho. Inasoma mistari iliyochorwa pamoja na maelezo yake: kama ni barabara kuu au njia ya miguu, kama ni lami au udongo, kama kuna daraja. Kisha inapiga hesabu. Njia ambayo haijachorwa, kwake haipo kabisa. Hata iliyochorwa, kama mstari wake haukuunganishwa na barabara inayofuata, programu itaona hapapitiki na itamrudisha mtu kwenye lami.

Jambo la pili ni kwamba njia ya haraka siyo lazima iwe ya usalama. Huduma ya CycleStreets, iliyoanza Uingereza mwaka 2009, humpa mwendesha baiskeli njia tatu achague: ya haraka, yenye utulivu, na ya kati. Nasi tunashauri kamati zifikiri hivyo hivyo. Usiulize tu ipi ni fupi. Uliza ipi utamruhusu binti yako apite.

Kamati ifanye nini?

1. Kuuliza wanaopita. Andaeni kikao kifupi, mchore kijiji kwenye karatasi kubwa. Waiteni wachungaji wa mifugo, vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, akina mama waendao mnadani na wanafunzi. Akina mama na wasichana waulizwe peke yao, kwani sehemu ambayo mwanaume anaiita njia nzuri, mwanamke anaweza kuiogopa jioni kwa sababu ya vichaka au kilabu cha pombe.

2. Kuipita njia wenyewe. Watu wawili au watatu waende kwa baiskeli wakiwa na simu moja ya kisasa. Programu kama OsmAnd au Organic Maps hupakuliwa mjini pamoja na ramani ya eneo lote, na baada ya hapo hufanya kazi bila bando, kwa kuwa simu hujua ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Andikeni kwenye daftari kila jambo la muhimu: daraja la magogo, korongo, udongo unaonata wakati wa masika, na hasa mahali njia inapovuka lami. Mahali pa kuvukia ndipo penye hatari kubwa kuliko sehemu nyingine zote za njia.

3. Kuingiza kwenye ramani. Kijana mwenye kompyuta afungue akaunti ya OpenStreetMap na kuichora njia juu ya picha ya setilaiti inayoonyeshwa hapo. Aeleze ni njia ya aina gani na uso wake ukoje, na ahakikishe mistari imeungana. Asinakili kutoka Google Maps, kwa sababu hairuhusiwi. Aidha, asiandike kwamba njia ni “salama”. Ramani ile hupokea mambo ambayo mtu mwingine akienda ataweza kuyathibitisha kwa macho. Maoni ya kamati kuhusu usalama yawekwe kwenye ramani yenu wenyewe, ambayo mnaweza kuitengeneza bure kwenye tovuti ya uMap.

4. Kuwashirikisha wengine. Kiungo cha ramani kitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya. Lakini tukumbuke kuwa wahudumu wengi wana simu ndogo. Kwa hao, ramani ichapishwe na kubandikwa kanisani, zahanati na shuleni, na mhudumu mpya asindikizwe na mwenyeji mara ya kwanza. Hakuna ramani inayoshinda kupelekwa na mtu.

5. Kurudia. Daraja la kiangazi huondoka na maji ya masika, na mwenye shamba anaweza kulima njia. Kila baada ya mvua kamati ipite tena, na ramani iliyobandikwa iwe na tarehe. Ramani ya zamani inayoaminiwa inaweza kumpoteza mtu kuliko kukosa ramani.

Tahadhari

Kabla ya kutangaza njia inayokatiza mashamba, ombeni ridhaa ya wenye mashamba na mwijulishe serikali ya kijiji. Bila hivyo, njia itafungwa kwa miiba na ugomvi utaanza.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Mwezi Januari 2018 ilibainika kuwa ramani ya kampuni ya Strava, iliyokusanya safari za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilikuwa ikionyesha maeneo ya kambi za kijeshi bila wahusika kujua. Ikiwa ramani ilifichua kambi za kijeshi, inaweza pia kumfichua binti wa kidato cha pili. Kwa hiyo msitangaze njia pamoja na saa ambazo wasichana hupita. Msiweke safari inayoanzia mlangoni kwa mtu. Ianzie kanisani au kwenye njia panda. Na nyumba za wagonjwa zisionyeshwe kamwe.

Neno kwa wafadhili

Baadhi yenu mtauliza kama kazi hii ni sehemu ya maendeleo au ni mchezo wa vijana na simu zao. Jibu letu ni kwamba baiskeli inayolala stoo kwa kuwa mwenyewe anaogopa lami ni msaada uliopotea. Mahitaji ya kazi hii ni simu moja, bando, gharama za kuchapisha na chai ya kikao. Sehemu kubwa ya kazi ni maarifa ambayo wanakijiji tayari wanayo.

Hata hivyo ramani haijengi kalavati. Inachofanya ni kuwapa wananchi kitu cha kuweka mezani. Mahali pa hatari panapoonekana kwenye karatasi, kamati inaweza kwenda serikali ya kijiji na kwa diwani, au TARURA, wakala uliopewa barabara za vijijini na mijini mwaka 2017, kuomba daraja dogo. Na kwa barabara kuu kwenda TANROADS kuomba matuta au alama mahali watoto wanapovukia.

Mama yetu amepona na amerudi kuwahudumia wagonjwa. Kiangazi anapita nyuma ya mashamba ya pamba. Masika, korongo likijaa, analazimika kurudi kwenye lami, na sehemu nyembamba anashuka na kuikokota baiskeli. Kwa hiyo kazi haijaisha, na daraja la korongo hilo ndilo ombi la kwanza la kamati yake. Fomu yetu nayo tumeibadilisha: chini ya namba ya fremu kuna mistari mitatu ya kueleza njia, na baiskeli haitolewi mpaka ijazwe.

Kamati zitakazoanza kazi hii zituletee nakala ya ramani zao, nasi tutazifikisha kwa parokia za jirani.