MADENI YA ZAMANI NA JINA LA MKULIMA
Tunayoweza kujifunza kwa wakulima wa pamba wa Mwanza

Ndugu Wanachama,

Katika barua zinazofika ofisini kwetu, hapana jambo linaloulizwa mara nyingi kama hili: mtu alikopa zamani, hakuweza kumaliza, na sasa kila mlango anaobisha aambiwa jina lake halifai. Wengine deni si lao hata kidogo. Ni la baba aliyekwisha fariki, ama la kikundi walichotiwa majina yao bila ya kufahamu maana ya sahihi waliyoitia. Msimu wa kuchuma ukikaribia, mtu kama huyu hana fedha za kulipa wachumaji wala za kununua majamvi, na hapo ndipo anapouza karafuu zingali mtini kwa bei ya kutupa. Basi deni moja la zamani huzaa hasara mpya kila mwaka.

Tumeona vyema tulieleze jambo hili kwa urefu, na tumechagua kulieleza kwa kutazama mwambao wa Ziwa Viktoria. Wanachama wetu kadhaa wana jamaa na biashara huko, na wakulima wa pamba wa Mwanza wamepita katika njia hii kabla yetu. Mwenye busara hujifunza kwa safari ya mwenziwe.

MIZANI ILIYOLETA USHIRIKA

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa Usukuma walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi wa pamba inawapunja. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, na katika jambo hilo dogo la mizani ukazaliwa ushirika mkubwa. Bwana Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1955 vyama vya pamba vya Ziwa viliungana katika shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions, na katika muda mfupi likahesabiwa kuwa moja ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima.

Lakini ukubwa haukuwa kinga. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika kwa sababu ya malalamiko ya wanachama juu ya matumizi na hesabu, na mwaka 1968 shirikisho lile likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa, na kazi yao ikatiwa mikononi mwa mamlaka ya mazao. Sheria ya 1982 iliviruhusu virudi, na Nyanza ikafufuliwa mwaka 1984.

Wanachama na watazame hapa kwa makini. Chama kilivunjwa, kikafufuliwa, makarani wakabadilika, majengo yakahama mikono. Lakini madeni hayakuvunjika. Vyama vilivyofufuliwa vilirithi mizigo ya wale waliotangulia. Hata mwaka 1991 Bunge likapitisha sheria ya kuunda LART, chombo kilichopewa kazi ya kuichukua mikopo iliyokufa katika mabenki na kuikusanya, na vyama vya ushirika vilikuwa miongoni mwa wadaiwa wakubwa. Deni ni kama kisiki cha mkarafuu. Waweza kukifunika kwa majani, lakini atakayepita usiku atajikwaa.

DENI LA MKULIMA MMOJA MMOJA

Zamani za ushirika, mkulima wa pamba alipewa mbegu na dawa kwa mkopo, na alipoleta pamba kituoni deni lilikatwa pale pale kwenye mizani. Hakuwa na mahali pengine pa kuuza. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mkulima akafurahi kupata wanunuzi wengi; lakini yule aliyekopeshwa na mmoja aliweza kumwuzia mwingine, na deni likabaki katika daftari bila ya mtu wa kulikata. Wakopeshaji walipoona hivyo wakarudisha mikono nyuma. Aliyeumia zaidi si yule mkorofi aliyekwepa. Ni jirani yake mwaminifu aliyelipa kila senti, kisha mwaka wa pili akakosa dawa ya kupulizia shamba lake.

Kuna na upande mwingine. Tangu msimu wa 2018 pamba ilirudishwa kuuzwa kwa njia ya vyama vya msingi, na msimu wa 2019, bei ya dunia iliposhuka, wakulima wengi walipeleka pamba yao wakakaa miezi bila ya kulipwa. Mtu huyo anadaiwa pembejeo na huku naye anadai pamba yake. Je, huyu ni mdaiwa sugu? Kwa haki hasha. Lakini asipokuwa na stakabadhi ya mizani mkononi, atathibitisha kwa nini?

Na tusidhani ni mambo ya pamba tu. Katika mialo ya Ziwa, mvuvi hukopeshwa nyavu, injini na mafuta na wakala wa sangara, kwa sharti kwamba samaki wote amwuzie yeye, kwa bei aitakayo yeye. Nyavu huchakaa kabla ya deni kwisha, na hapo hukopeshwa nyavu nyingine. Mvuvi wa namna hii hatoki katika deni, kwa sababu deni lenyewe limefanywa kuwa kamba ya kumfungia.

SISI NASI TUNAIJUA KAMBA HIYO

Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliijua vyema. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, mashamba mengi yalikuwa rahani. Mwaka 1934 serikali ya wakati ule ilitoa amri za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasipite mikononi mwa wadai. Shamba likaokoka, lakini mlango wa mkopo ukafungwa, maana hapana atakayekopesha juu ya kitu asichoweza kukishika. Haikuwa mpaka mwaka 1938 ndipo ikatoka sheria ya kusuluhisha madeni yenyewe.

Mafunzo yake ni haya: kumzuia mdai peke yake hakumponyi mdaiwa. Kinachomponya ni deni kukaliwa kitako, likahesabiwa, likapatanwa na likalipwa kwa mpango.

JINA LINAVYOANDIKWA SIKU HIZI

Zamani jina la mtu lilikaa midomoni mwa watu wa mtaa. Siku hizi limeandikwa. Mwaka 2012 zilitoka kanuni za Benki Kuu ya Tanzania kuhusu taarifa za wakopaji, na mabenki yakatakiwa kupeleka khabari za mikopo katika hifadhi moja. Zipo kampuni zilizopewa leseni ya kuzikusanya khabari hizo na kuzitoa kwa wakopeshaji. Creditinfo Tanzania ni mojawapo. Kwa hivyo aliyekopa Mwanza akahamia Wete hakuliacha jina lake gatini. Limesafiri pamoja naye, pengine limemtangulia.

Mikopo ya simu nayo imo. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, watu wengi wamekopa fedha ndogo kwa kubonyeza simu, wakabadilisha laini na kudhani mambo yamekwisha. Deni la shilingi elfu ishirini laweza kumkosesha mtu mkopo wa milioni mbili, kwa kuwa mkopeshaji hatazami ukubwa wake tu. Atazama kama mtu hulipa ama halipi.

Lakini kitu kilichoandikwa kina faida yake. Huandika mabaya, na huandika mema vile vile. Aliyelipa deni la zamani huandikwa kuwa amelipa. Na mwenye jina ana haki ya kuomba taarifa yake aisome, na akikuta kosa ana haki ya kulipinga ili lisahihishwe.

NJIA YA KUFUATA

Kwanza, jua unadaiwa nini. Chukua daftari, andika kila deni: nani anadai, tangu lini, asili yake kiasi gani, riba kiasi gani, umelipa nini na risiti iko wapi. Usitie deni la kukisia. Omba taarifa yako ya mikopo, na mwombe mdai akupe hesabu kwa maandishi. Wengi waliofanya hivi hukuta mambo mawili: deni walilolisahau, na deni walilokwisha lipa lisilofutwa.

Pili, fahamu maneno ya wenye fedha. Benki inaposema deni “limefutwa” katika vitabu vyake, maana yake ni kwamba imelihesabu kuwa hasara. Si kwamba imekusamehe. Kusamehewa kuna barua yake. Usipokuwa na barua, bado unadaiwa.

Tatu, jua hukumu ya muda. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971 yampa mdai wa mkataba wa kawaida miaka 6 kufungua shauri. Lakini mdaiwa akilipa sehemu, ama akikiri deni kwa maandishi kabla ya muda huo kwisha, hesabu huanza upya. Zanzibar ina sheria yake, na madai juu ya rahani ya ardhi yana hukumu zake. Kwa hivyo muulize wakili kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya deni kongwe. Nasi twaongeza neno moja: muda hufunga mlango wa mahakama, haufungi deni. Mtu aliyefundishwa chuoni alijua tangu utotoni kwamba deni ni amana shingoni, na kwamba mwenye dhiki husubiriwa, lakini mwenye uwezo hana udhuru.

Nne, nenda kwa mdai kabla hajaja kwako, na nenda na mpango unaoweza kuutimiza. Karafuu hazizai sawa kila mwaka. Akiahidi mtu kulipa kila mwezi na hali fedha huziona wakati wa mavuno, atavunja ahadi kabla ya mwezi wa tatu. Tuseme unadaiwa 900,000. Ni afadhali kupatana 300,000 baada ya kila mavuno kwa misimu mitatu, uitimize, kuliko kuahidi 75,000 kila mwezi na kuanguka. Omba riba isimame wakati unalipa. Wadai wengi hukubali, kwa kuwa nao wajua kwamba kwenda mahakamani kuna gharama. Mapatano yote yaandikwe, na wawepo mashahidi.

Tano, ukimaliza, usiondoke mikono mitupu. Dai barua ya kwisha deni, dai hati yako iliyowekwa dhamana, na baada ya muda hakikisha kwamba taarifa yako imesahihishwa. Mdai akikataa, na akiwa ni benki, Benki Kuu ina dawati la kupokea malalamiko.

Sita, jenga jina upya kwa vidogo. Weka akiba katika chama cha kuweka na kukopa, kopa kidogo, lipa kabla ya siku yake. Kisha kopa zaidi kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na jina hujazwa vivyo hivyo.

Kuhusu madeni ya marehemu: deni hulipwa katika mali aliyoiacha, kabla ya mirathi kugawiwa. Mrithi halazimiki kutoa katika jasho lake kilichozidi mali ya marehemu. Lakini waliogawana mikarafuu ya baba yao na kumwacha mdai mlangoni, hao wamegawana kisicho chao.

TAHADHARI

Usilipe deni kwa deni baya zaidi. Mikopo inayoitwa “kausha damu” haikupewa jina hilo kwa mzaha. Mtu huchukua laki moja na kwa wiki chache hudaiwa laki mbili, na vyombo vyake hutolewa nje mchana. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Kabla ya kukopa, uliza leseni.

Na akija mtu akikwambia kwamba kwa ada ndogo ataliondoa jina lako katika vitabu, mfukuze. Taarifa ya uongo hurekebishwa kwa kupingwa, na mwenyewe waweza kuipinga. Taarifa ya kweli hurekebishwa kwa kulipa. Hapana njia ya tatu.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Waliosema dawa ya deni ni kulipa walisema kweli, lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Wakulima wa Mwanza walianza kwa kusimamia mizani yao. Nasi tusimamie karatasi zetu, maana mwaka wa mavuno makubwa ukija, ZSTC na wakopeshaji wengine watatazama nani ni mwaminifu, na hatutaki hata mwanachama mmoja akae barazani akitazama karafuu zikipukutika kwa kukosa fedha za wachumaji.

Basi mwanachama yeyote mwenye deni la zamani na alete karatasi zake ofisini kabla ya msimu: mikataba, risiti, barua za wadai, hata zilizoliwa na mende. Tutakaa naye, tutahesabu, na tutamwandikia barua ya kwanza kwa mdai wake. Khabari za mtu hazitatoka nje ya chumba. Asiyejua kusoma asione haya. Na aliye na aibu ya deni ajue kwamba katika meza hii hatakuwa wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho.

Wenu katika kazi,
KATIBU WA CHAMA