Jicho la Mashine Halihitaji Kuona Yote

Bila shaka mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na penseli. Leo tutafanya hesabu kidogo.

Barabara ya Mwanza inayopita hapa Kisesa, ukiifuata kuelekea Musoma, itakufikisha kwenye lango la Ndabaka. Hapo unaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa upande wa magharibi. Ndani ya hifadhi hiyo, kuanzia mwaka 2010, watafiti walifunga kamera 225 kwenye miti na nguzo. Kamera hizo hazina mpiga picha. Kitu chenye joto kikipita mbele yake, kamera hujipigia picha yenyewe.

Lakini kulikuwa na taabu. Nyasi zikitikiswa na upepo juani, kamera nayo hupiga. Katika kila picha 4, kama 3 hazikuwa na mnyama hata mmoja. Picha zikawa mamilioni. Maelfu ya watu wa kujitolea walizitazama moja moja na kuandika: huyu nyumbu, huyu simba, hapa hakuna kitu. Baadaye kazi hiyo ilijaribiwa kwa kompyuta. Kompyuta nayo ililemewa na ukubwa wa picha, ikabidi zipunguzwe. Je, picha hupunguzwaje? Na hatari yake ni nini?

Picha ni namba

Nyuma ya kioo cha kamera pana kibati kidogo sana. Kibati hicho kimejaa vijicho vilivyopangwa kwa mistari, kama mkeka uliosukwa vizuri. Kila kijicho hupima mwanga unaokiangukia, kisha hutoa namba. Giza kabisa ni 0. Mwanga mkali kabisa ni 255. Kila kijicho huleta nukta moja ya picha. Basi mashine haioni pundamilia kama tumwonavyo sisi. Mashine inaona namba nyingi zilizopangwa.

Picha za Serengeti zilikuwa na nukta 2,048 kwa upana na 1,536 kwa kimo. Andikeni na mzidishe. Mmepata 3,145,728? Vema. Hizo ni nukta za picha moja tu.

Njia za kupunguza

Njia ya kwanza ni kupunguza nukta. Watafiti waliifanya kila picha iwe na nukta 256 kwa upana na 256 kwa kimo. Zidisheni tena: 65,536. Sasa gawanyeni ile namba kubwa kwa hii ndogo. Jibu ni 48. Maana yake, kazi iliyokuwa magunia 48 imekuwa gunia 1.

Njia ya pili ni kuacha rangi. Nukta ya rangi ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Picha isiyo na rangi ina namba moja tu kwa kila nukta. Mzigo umebaki theluthi.

Njia ya tatu ni kulinganisha. Mashine huweka picha ya sasa juu ya ile iliyotangulia. Mti haukuhama, jiwe halikuhama, hayo huachwa. Kilichobadilika ndicho kinachotazamwa.

Njia ya nne ni kuchambua palepale, kama mkulima anavyochambua pamba yake kabla ya kuipeleka mnadani. Mwezi wa Januari 2019, shirika la RESOLVE la Marekani pamoja na kampuni ya Intel walitangaza kamera iitwayo TrailGuard AI. Hufichwa kando ya njia ili kuwatambua majangili. Toleo lake la awali lilikuwa limekwisha jaribiwa Grumeti, jirani na Serengeti, na askari wakakamata majangili 30. Katika kamera hii mpya, kompyuta ndogo iliyo ndani hutazama picha kwanza. Ikiwa ni ya mtu, hutumwa kwa askari. Ikiwa ni nyasi tu, haitumwi. Ninyi wenye simu mnajua jinsi kutuma picha kunavyokula chaji na bando. Huko porini nani atakwenda kuchaji betri kila siku? Tena askari akiamshwa mara kumi kwa ajili ya nyasi, mara ya kumi na moja hataamka.

Hatari iko wapi?

Wavuvi wa ziwa letu wanaijua hatari hii. Wavu wa macho makubwa ni mwepesi kuvuta, lakini dagaa hupita. Picha nayo ni hivyo. Swala aliye mbali, aliyechukua nukta 48 katika picha kubwa, atabaki kama nukta 1 katika ile ndogo. Nani atajua kuwa ni swala? Na nukta iliyotupwa hairudi.

Hata hivyo, kazi ya Serengeti ilifaulu. Taarifa ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa kompyuta ingeweza kufanya kazi ya picha 99 na zaidi katika kila 100, kwa usahihi sawa na wa wale watu wa kujitolea. Picha ambazo kompyuta haikuwa na hakika nazo waliachiwa watu.

Jambo kubwa ni hili: mashine haijui taka ni nini. Mtu ndiye anayeiambia. Kwa askari anayewinda majangili, picha ya tembo ni ya kuachwa. Kwa mkulima aliye mpakani mwa hifadhi, picha hiyohiyo ndiyo ingeliokoa shamba lake la mahindi. Kamera iliyoagizwa kutafuta watu tu itanyamaza, na tembo watapita. Kwa hiyo, wakija kijijini kwenu watu na kamera za namna hii, msiulize bei tu. Ulizeni: imeagizwa itafute nini, na itupe nini?

Maswali ya kujadili darasani

1. Picha ina nukta 100 kwa upana na 100 kwa kimo. Ukipunguza kila upande kwa nusu, nukta ngapi zitabaki?
2. Kwa nini ni vizuri kuchambua picha ndani ya kamera kabla ya kuituma?
3. Kijiji chenu kikipata kamera moja, mngeiagiza itafute nini? Nani aamue?

Kwaherini mpaka somo lijalo.