Nani Mbaya Zaidi? Jinsi Akili Inavyowapanga Mashujaa na Maadui wa Hadithi

Juni 2003, Taasisi ya Filamu ya Marekani, AFI, ilitangaza orodha ya wahusika 100 wa filamu za nchi hiyo: mashujaa 50 na maadui 50. Kileleni mwa mashujaa alikaa Atticus Finch, wakili wa Alabama aliyemtetea mtu mweusi aliyesingiziwa kubaka. Kileleni mwa maadui akakaa Hannibal Lecter, daktari wa magonjwa ya akili anayekula watu. Jina moja liliingia pande zote mbili. Terminator, yule roboti wa Arnold Schwarzenegger, alikuwa adui nambari 22 kwa filamu ya 1984 na shujaa nambari 48 kwa filamu ya 1991. Sura ni ileile, sauti ileile, nguvu zilezile. Kilichobadilika ni kazi aliyotumwa: kwanza kumuua Sarah Connor, kisha kumlinda mwanawe.

AFI ilianzishwa mwaka 1967, na ukumbi wake wa sinema uko Silver Spring, Maryland, ng'ambo ya Mto Potomac ukitokea hapa Sterling. Mji wetu uko Virginia, kando ya uwanja wa ndege wa Dulles. Watoto wa familia za Afrika Mashariki wanakua hapa na hadithi za aina mbili: za sinema na za bibi. Mchezo wa kupanga wahusika kwa wema na ubaya wanaucheza bila kufundishwa. Unawapa karatasi, unachora mstari kutoka hasi 10 hadi chanya 10, halafu unakaa pembeni. Ugomvi unaanza kabla kalamu haijakauka.

Jumamosi moja, baada ya pilau, wapwa zangu walimweka Thanos kwenye hasi 7. Huyu ndiye aliyefuta nusu ya viumbe hai wa ulimwengu mzima katika filamu ya Avengers ya 2018. Chini yake, kwenye hasi 10, wakamweka Dolores Umbridge, mwalimu wa vitabu vya Harry Potter mwenye nguo za waridi na picha za paka ukutani. Nikauliza: huyu ameua wangapi? Binti wa miaka 11 akanijibu, "Mjomba, yule alimfanya mtoto ajikate mkono kwa kalamu yake mwenyewe. Na alikuwa anatabasamu." Hawako peke yao. Mwaka 2003 mwandishi Stephen King naye alimsifu Umbridge kuwa mwovu bora wa kubuniwa tangu Hannibal Lecter.

Kwa nini mkono wa mtoto mmoja uzidi nusu ya ulimwengu? Mwanasaikolojia Paul Slovic ametumia miaka mingi kuchunguza namna huruma inavyopungua kadiri idadi ya waathirika inavyopanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, yeye, Deborah Small na George Loewenstein waliwapa watu nafasi ya kuchangia vita dhidi ya njaa barani Afrika. Wengine walipewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Wengine walionyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, mwenye miaka 7. Waliomwona Rokia walitoa zaidi ya maradufu. Na pale takwimu zilipoongezwa pembeni ya picha yake, michango ikashuka. Moyo hauna kikokotoo. Unamshika mtu mmoja mwenye sura na jina. Mabilioni wanaogeuka vumbi hauna pa kuwashikia.

Kuna jambo la pili linalovuruga mstari wetu, nalo ni nia. Mwanasaikolojia Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932, aliwasimulia watoto wa Uswisi habari za watoto wawili. Mmoja alisukuma mlango bila kujua kuna vikombe nyuma yake, vikavunjika 15. Mwingine alivunja kikombe kimoja akiiba jemu kabatini. Wadogo walisema wa vikombe 15 ana kosa kubwa zaidi. Wakubwa wakamhukumu mwizi wa jemu. Tangu hapo wengi wamechukulia kwamba kukomaa ni kupima nia kabla ya hasara.

Lakini je, ni hivyo kila mahali? Mwaka 2016 H. Clark Barrett na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa jamii 10, kuanzia Los Angeles hadi Wahadza wa Tanzania. Kila mahali nia ilipimwa kwa uzito tofauti. Los Angeles ilihesabiwa sana. Katika kisiwa cha Yasawa, Fiji, aliyefanya kwa makusudi na aliyeteleza walihukumiwa karibu sawa. Orodha ya maadui iliyotungwa Marekani, basi, imejaa mazoea ya Marekani hata pale inapodhani inazungumza kwa niaba ya binadamu wote.

Je, mizizi ya hukumu hizi tunazaliwa nayo? Mwaka 2007 Kiley Hamlin, Karen Wynn na Paul Bloom waliripoti katika jarida la Nature kwamba watoto wa miezi 6 na 10 walimpendelea kikaragosi aliyemsaidia mwenzake kupanda kilima kuliko aliyemsukuma chini. Habari ilisambaa duniani kote. Miaka baadaye maabara kadhaa ziliungana kurudia jaribio hilo kwa mamia ya watoto, na matokeo yaliyotoka 2024 hayakuonyesha upendeleo wowote: karibu nusu kwa nusu. Mimi naliheshimu jibu hilo la pili, ingawa la kwanza linapendeza zaidi.

Kwa watazamaji wa hadithi, mara nyingi tunaanza kwa kupenda, kisha ndipo tunahukumu. Ukishampenda stelingi, yaani shujaa wa sinema, unamtafutia udhuru hata akivunja sheria. Na wabaya nao wana wapenzi wao. Rebecca Krause na Derek Rucker, katika utafiti wa 2020, waliona kwamba watu huvutiwa zaidi na adui wa hadithi anayefanana nao tabia. Mtu mcheshi anamtafuta mwovu mcheshi. Hadithi inamruhusu kuuangalia upande wake wa giza bila aibu, kwa sababu anajua si kweli.

Kipimo mashuhuri cha maadili ni cha mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg, aliyeanza mwaka 1958, Chicago, kwa kuwahoji wavulana na kuupanga uadilifu wa binadamu katika ngazi sita. Kilipofikishwa Kenya kikakwama. Carolyn Edwards alihoji watu huko miaka ya 1970. Sara Harkness, akiwa na Edwards na Charles Super, alichapisha mwaka 1981 utafiti wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Wazee walioaminiwa na kijiji kizima kuamua magomvi walijibu kwa hoja za udugu, heshima na amani ya jamii. Kohlberg anaziweka hoja hizo katikati ya ngazi. Juu kabisa amemweka mtu anayesimama peke yake na kanuni zake. Mwaka 1985 John Snarey alipitia tafiti 45 kutoka nchi mbalimbali, akakuta ngazi za juu ni adimu katika vijiji vya jadi. Hitimisho langu ni moja: mzee anayewapatanisha ndugu wasichinjane hakupungukiwa na maadili. Ngazi ndiyo iliyojengwa na mtu asiyewahi kukaa barazani kwake.

Ndiyo maana nawasihi wazazi wenzangu wa Sterling wamwingize Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili wa Pwani, kwenye karatasi za watoto. Hapa msemo wa vijana kwamba stelingi hafi unavunjika, kwa kuwa Liyongo anakufa. Sultani wa Pate, akiogopa umaarufu wake, anamrubuni mwana wa Liyongo mwenyewe. Kijana anamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anaingiwa na shaka, lakini anamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwana anangoja alale, anachoma.

Kwa hesabu ya maiti, huyo ni muuaji wa mtu mmoja, kashindwa na Thanos kwa mbali. Kwa Kokwet na kwa Pwani, amekata kitu ambacho jamii nzima imening'inia juu yake, yaani imani ya baba kwa mwana. Wapwa zangu walitaka kumpa hasi 10 papo hapo. Mimi nampa hasi 9. Ile 10 ni ya Sultani, aliyeujua udhaifu wa kijana akaununua, na mikono yake ikabaki safi.